Kupiga picha Royal Albert Bridge: jua, bamvua na daraja la jirani

Shida ya kwanza ya kulipiga picha Royal Albert Bridge ni jirani yake. Daraja hili la reli, kazi ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel, liko kusini-magharibi mwa Uingereza na linavuka mto Tamar kati ya Plymouth upande wa Devon na Saltash upande wa Cornwall. Lilifunguliwa na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, tarehe 2 Mei 1859, likakaa peke yake pale kwa miaka mia moja na ushee. Mwaka 1961 magari yakapata daraja lao, Tamar Bridge, la kuning'inia, lenye minara ya mita 73, na likajengwa ubavuni kabisa, upande wa kaskazini. Tangu hapo mpiga picha ana njia mbili: asimame juu ya jirani, au amkubali jirani ndani ya picha. Kila njia ina bei yake. Siku nyingi zinazopotea Saltash hupotea kwa sababu mtu amefika na kamera bila kuamua atalipa bei ipi.

Lijue kwanza daraja lenyewe, maana picha nzuri hapa huanza kwa kujua kipi kinabeba nini. Kuna spani mbili kubwa juu ya maji, yaani vipande vinavyoruka kutoka nguzo hadi nguzo, kila kimoja urefu wa mita 138.7. Spani ndogo 17 za pande zote mbili zinaiunganisha reli na nchi kavu, na jumla ya urefu wote ni karibu mita 667. Kila spani kubwa ina bomba nene la chuma lililopinda kwenda juu na minyororo iliyojipinda kwenda chini, na vinapokutana kwenye ncha vinafanya umbo la jicho. Bomba si mviringo bali ni duaradufu: upana mita 5.1, kimo mita 3.7. Bomba linasukuma ncha za spani kwenda nje, minyororo inazivuta kurudi ndani, nguvu hizo zinauana, na nguzo zinabaki kubeba uzito wa kwenda chini tu. Ndiyo maana ile nguzo ya katikati ya mto ilimudu kuwa nyembamba vile: mihimili minne ya pembe nane ya chuma cha kusubu, juu ya msingi wa granaiti. Ukikata minyororo nje ya fremu ili ulipate bomba tu, umekata nusu ya hesabu.

Sasa jua. Spani kubwa zimelala takriban mashariki na magharibi, kwa hiyo daraja lina uso wa kusini na uso wa kaskazini. Uso wa kusini hupata jua mwaka mzima. Uso wa kaskazini, ule unaoonekana kutoka daraja la magari, haupati jua la moja kwa moja kabisa kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi karibu na tarehe 20 Machi. Wageni wengi hupanda daraja la magari kwa sababu ndiko mahali rahisi pa kusimama, wanakuta daraja jeusi mbele ya anga jeupe, halafu wanailaumu kamera.

Kwetu tuliozoea jua kuchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, hesabu ya Plymouth inahitaji kuandikwa kwenye karatasi. Mwezi Juni jua huchomoza mnamo saa 11:05 alfajiri, tena kaskazini-mashariki, na huzama karibu saa 3:30 usiku, kaskazini-magharibi. Kwa hiyo katika wiki za katikati ya Juni uso wa kaskazini huwa na jua mara mbili kwa siku: tangu kuchomoza hadi karibu saa 2:40 asubuhi, kisha tangu saa 12 jioni hadi kuzama. Saa zote hizo ni za majira ya kiangazi ya Uingereza. Desemba mambo hugeuka: jua huchomoza saa 2:15 asubuhi, huzama saa 10:15 jioni, na hata mchana halipandi zaidi ya nyuzi 16 juu ya upeo. Nuru hiyo ya chini ni tamu sana kwa uso wa kusini, maana inaingia chini ya reli na kufika hadi kwenye minyororo. Mchana wa Juni jua liko nyuzi 63, na bomba linatupa kivuli kizito juu ya kila kitu kilicho chini yake. Ukiwa na uhuru wa kuchagua mwezi, mimi ningechagua Februari au Oktoba kwa upande wa kusini. Juni ni ya kaskazini.

Maji ni hesabu ya pili, na hapa mtu wa pwani yetu ana faida, maana bamvua na maji mafu si mageni kwake. Wakati wa bamvua Tamar hupanda na kushuka karibu mita tano pale Devonport, bandari ya wanamaji ya Plymouth, na wakati wa maji mafu tofauti haifiki nusu ya hapo. Jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijui ni kwamba Plymouth, kama bandari nyingine yoyote, bamvua yake ina saa zake. Maji makuu ya bamvua hujaa mnamo saa kumi na mbili asubuhi na jioni, na hupwa karibu na adhuhuri. Maji mafu ni kinyume: hujaa karibu na mchana. Matokeo yake ni haya. Ukienda siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu ukatarajia mto uliojaa saa sita mchana, utapata tope la kijivu, matairi ya zamani na boti zilizolala ubavu. Ukitaka maji yaliyojaa pamoja na nuru ya jioni ya Juni, hizohizo siku za bamvua ndizo zako.

Angalia pia saa za jedwali. Majedwali mengi ya maji ya Uingereza huchapishwa kwa saa za Greenwich mwaka mzima, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba lazima uongeze saa moja. Ratiba ya treni, kwa upande wake, imeshaongezwa. Anayechanganya hayo mawili hufika maji yameshaanza kuondoka, na kivuli cha daraja mtoni, yaani sura yake inayoonekana majini kama kiooni, ambacho hutulia kwa dakika chache tu maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa, kimeshavunjika. Upepo ukizidi kidogo tu kivuli hicho hakipo kabisa, uwe na jedwali au usiwe nalo. Inaudhi, lakini Brunel mwenyewe alilitii jedwali hilohilo: tarehe 1 Septemba 1857 spani ya kwanza, karibu tani elfu moja za chuma, iliinuliwa na maji yanayojaa ikiwa juu ya mashua bapa, ikaelea hadi mahali pake. Kisha ikapandishwa kwa jeki za haidroliki, chini ya mita moja kila hatua, huku nguzo zikijengwa chini yake. Spani ya pili ilifuata Julai 1858, na safari hiyo kazi ilisimamiwa na msaidizi wake, Robert Brereton.

Treni zenyewe hazisumbui. Reli juu ya daraja ni njia moja, na mwendo unaoruhusiwa ni maili 15 kwa saa, kama kilomita 24. Kwa mwendo huo kichwa cha treni huchukua dakika moja na sekunde arobaini hivi kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho wake. Huna haja ya kupiga picha mfululizo kwa pupa. Una nafasi ya kuchagua: treni ikiwa imejaza jicho la kwanza, au kichwa kikiwa juu kabisa ya nguzo ya katikati. Hapo kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huiruhusu nuru kuingia, ndiyo huwapoteza wengi, kwa kuipandisha bure. Treni ya kilomita 24 kwa saa husogea sentimita 2.7 hivi katika 1/250 ya sekunde. Kwa lenzi ya mm 70 na umbali wa mita 300, kamera yenye sensa ya mm 36 kwa 24 na megapikseli 24, huo ni ukungu wa pikseli moja tu. Hata 1/125 inafaa kwa picha nyingi. Ukipanda hadi 1/1000 unalazimika kuongeza ISO, yaani wepesi wa sensa kuipokea nuru, bila faida, na tena maandishi ya taa kwenye paji la treni, yale yanayotaja inakokwenda, hutoka nusunusu au hayatoki kabisa, kwa sababu taa hizo zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona.

Treni nyingi utakazoziona ni za Great Western Railway, za London Paddington na Penzance na zile fupi za kuanzia Plymouth. Ile ya usiku yenye vitanda, inayotoka London kwenda Penzance, hupita asubuhi na mapema ikiwa na kichwa cha dizeli na mabehewa ya kuvutwa, umbo ambalo siku hizi ni adimu kwenye reli hii. Haiondoki London usiku wa Jumamosi, kwa hiyo usiamke Jumapili kwa ajili yake. Kumbuka pia kwamba ratiba zimeandikwa kwa saa 24; 17:54 ni saa kumi na moja na dakika 54 jioni, na kosa la kichwani hapo hugharimu treni nzima.

Kuhusu vifaa, usibebe zaidi ya unachohitaji, kwa maana Saltash ni mji wa kilima na kutoka stesheni hadi mtoni ni mteremko mkali ambao baadaye utaupanda. Lenzi ya mm 24 hadi 70 inafanya sehemu kubwa ya kazi, na ya mm 70 hadi 200 inafanya sehemu iliyobaki. Wenye sensa ndogo wagawanye namba hizo kwa 1.5. Tripodi ni ya ufuoni tu. Beba vitambaa kadhaa vya kufutia lenzi, kwa sababu upepo wa kusini-magharibi huleta manyunyu ya chumvi ambayo hayaonekani kwenye kioo hadi jua likuelekee. Gharama kubwa ya safari hii haiko kwenye vifaa bali kwenye hali ya hewa. Mawingu mazito ya Cornwall yanaweza kukaa siku tatu mfululizo, na tiketi ya bei nafuu ya kutoka London, mwendo wa zaidi ya saa tatu, ni ya treni maalumu ambayo huwezi kuibadilisha kirahisi. Ni afadhali kulala Plymouth siku mbili au tatu na kwenda Saltash kwa treni fupi anga likifunguka, kuliko kununua siku moja na kuiombea.

Anzia Saltash stesheni, kwa kuwa iko mwisho kabisa wa daraja. Kutoka jukwaani unaona lango la magharibi na maandishi makubwa: I.K. BRUNEL ENGINEER 1859. Brunel alikuwa mgonjwa mno kuhudhuria ufunguzi. Alivushwa baadaye akiwa amelala kwenye behewa la wazi, akafa tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, na maandishi yakawekwa baada ya kifo chake kama kumbukumbu. Mwaka 1921 ngazi na njia za mafundi zilizofungwa langoni ziliziba sehemu ya jina. Zikahamishwa 2006, mwaka wa kutimia miaka 200 tangu azaliwe, kwa hiyo picha ya zamani yenye jina lililozibwa si kosa la mpigaji. Lango hilo linatazama magharibi na hupata jua alasiri. Tumia mm 135 hadi 200, na ungoje treni inayotoka Devon itokeze chini ya jina. Reli inapinda pale, kwa hiyo sogea hatua mbili tatu kushoto au kulia kabla treni haijafika. Tofauti ya mita moja jukwaani huamua kama nguzo ya ishara itakata herufi au la.

Sheria za jukwaani ni chache na hazina mjadala: nyuma ya mstari wa manjano, hakuna flashi, tripodi isizuie watu. Kuingia kwenye reli ni kosa la jinai ambalo faini yake inaweza kufika pauni 1,000, na hakuna njia ya miguu juu ya daraja hili kwa raia. Picha za kujifurahisha zinaruhusiwa stesheni. Za biashara zinahitaji kibali cha wenye reli, na kibali huombwa mapema. Ukiwa barabarani au ufuoni, mahali pa umma, huhitaji kibali cha mtu.

Ukishuka hadi ufuoni, Saltash Waterside, utakutana na tatizo la jiometri ambalo halitatuliwi na lenzi ya bei yoyote. Mbele ya daraja, sawa na katikati yake, hakuna ardhi, kuna mto. Kutoka ukingo wowote unaliangalia kwa mshazari, na spani ya karibu inaonekana kubwa kuliko ya mbali. Swali ni kubwa kwa kiasi gani, na jibu ni umbali. Chukua mtu aliye ukingoni, mita 150 kusini ya mstari wa daraja. Ncha ya mbali ya spani hizo mbili iko karibu mita 318 kutoka kwake, zaidi ya mara mbili ya ncha ya karibu. Spani moja itaonekana jitu na nyingine mtoto wake, na atahitaji mm 24 ili zote ziingie na nafasi kidogo pembeni. Akirudi nyuma hadi mita 500, umbali unakuwa mita 500 na 573, tofauti ya asilimia 15 tu. Macho mawili yanakaribiana ukubwa, na lenzi ya mm 50 inatosha. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha lenzi, tembea. Fuata ufuo kwenda kusini kadiri njia inavyokuruhusu. Ile ya mm 24 chini ya daraja si haramu, ina msisimko wake, ila ni picha ya ukubwa na si picha ya daraja la Brunel, kwa sababu mizani ya bomba na mnyororo haionekani tena.

Na hapo ndipo jirani anapoingia. Kutoka kusini, Tamar Bridge liko nyuma ya daraja la reli. Minara yake inachomoza juu ya mabomba, nyaya zake zinapita ndani ya macho mawili, na barabara yake inachora mstari wa pili karibu sambamba na reli. Huwezi kuliondoa, lakini unaweza kulipunguza.

Njia ya kwanza ni kimo cha kamera. Madaraja yote mawili yako juu sana ya maji. Jeshi la majini lilidai mita 30 za nafasi chini ya reli ili meli zenye milingoti zipite, na barabara nayo iko karibu kimo hichohicho. Ukisimama juu ya kilima, barabara huonekana katika nafasi iliyo juu ya reli, ndani ya macho yenyewe, mahali pabaya kuliko pote. Ukishuka hadi usawa wa maji, daraja la mbali huteremka nyuma ya lile la karibu, na barabara hujificha nyuma ya reli au chini yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: tripodi iliyofungwa chini kabisa, kwenye ngazi za gati, hufanya kazi ambayo programu ya kuhariri haiwezi. Hakikisha tu maji hayajai huku umezama kwenye kioo cha kamera. Wakati wa bamvua, katikati ya kujaa, yanapanda zaidi ya mita moja kwa saa.

Njia ya pili ni nuru. Asubuhi au alasiri ya majira ya baridi, jua la pembeni likiangukia chuma cha kijivu cha daraja la reli, kuna dakika ambapo lile la nyuma liko chini ya wingu. Hizo ndizo za kungojea, kidole kikiwa kwenye kitufe. Ukungu wa mtoni hufanya vivyo hivyo kwa ukarimu zaidi: unameza minara ya nyuma na kuliacha la mbele. Siku za ukungu ongeza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu juu ya kipimo cha kamera, la sivyo weupe wote unageuka kijivu cha majivu.

Njia ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni kuacha kutafuta daraja zima. Tumia mm 135 na zaidi uchague kiungo: mahali ambapo mnyororo unaingia kwenye ncha ya bomba, nguzo za wima zinazoteremka kutoka bomba kwenda kwenye reli, au zile nguzo nne za pembe nane mtoni. Minyororo yenyewe ina kisa cha kuangaliwa kwa karibu. Sehemu yake ilitengenezwa kwa ajili ya daraja la Clifton huko Bristol, kazi nyingine ya Brunel iliyokwama kwa kukosa fedha. Ikauzwa ikaja huku, na Clifton lilipomaliziwa 1864 lilipewa minyororo iliyotoka daraja jingine, la Hungerford, London. Katika picha za karibu tumia tundu la lenzi la f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Minyororo na bomba haviko umbali mmoja, na f/4 kwa mm 200 huacha kimoja kikiwa laini. Usipite f/13, kwa kuwa hapo ncha za ribiti zinaanza kupoteza makali.

Upande wa Devon, Saltash Passage, kuna mandhari ileile kwa kugeuza. Huko ni tulivu zaidi na nuru ya asubuhi hukuangukia begani, ila spani ya karibu ni ile ya Devon.

Sasa ile bei nyingine, kusimama juu ya jirani. Njia ya waenda kwa miguu na baiskeli kwenye Tamar Bridge iko upande wa kusini, ikitazama reli, na mtembea kwa miguu halipi; hata magari hulipa yakitoka Cornwall tu. Ni mahali pekee, bila kupanda boti, unapolitazama daraja la Brunel kwa uso, bila mshazari. Lakini liko karibu mno. Kanuni ya kukokotoa ni rahisi: zidisha umbali wako kwa 36, gawanya kwa mita 280 za spani mbili, utapata fokasi, yaani namba ya mm ya lenzi, inayozijaza zote. Mita 300 zinataka mm 38. Mita 100 zinataka chini ya mm 13, na lenzi ya namna hiyo hulikunja chuma la pembeni hadi halitambuliki. Chukua spani moja, au piga picha kadhaa za kuunganisha. Ukiunganisha, geuza kamera wima, acha theluthi ya kila picha iingiliane na inayofuata, funga mwangaza na mizani ya rangi visibadilike, na upige treni mwisho ikiwa ndani ya picha moja tu. Treni inayotembea kwenye picha tatu hutoka na mabehewa ya ziada au bila kichwa.

Usiweke tripodi kwenye daraja hilo. Ni la kuning'inia, na kila lori linalopita hulitikisa kwa namna ambayo mguu hauisikii lakini picha ya sekunde mbili inaikamata yote. Shika kwa mkono, 1/250 au zaidi, na usiegemeze kamera kwenye chuma cha ukingo, kwa kuwa chuma hicho ndicho kinacholeta mtikisiko. Baiskeli hupita kwa kasi nyuma yako. Mkoba ukae mbele ya miguu.

Na majira ya baridi, uso wa kaskazini ukiwa gizani? Piga kivuli kitupu. Hilo ndilo daraja lenye umbo linalostahili kuwa jeusi. Desemba, karibu saa sita na nusu mchana, jua liko kusini kabisa na chini, nyuma ya macho mawili. Pima mwangaza wa anga kando ya jua, funga kipimo, f/16 kama unataka jua litoe miale pale linapochungulia ukingoni mwa bomba, na usihangaike kufufua maelezo ya chuma baadaye. Wingu jembamba husaidia. Anga jeupe tupu huleta ukingo wa zambarau kwenye kila uzi mwembamba wa chuma, nao huondolewa kwa kitufe kimoja cha programu.

Zipo boti za kitalii zinazotoka Plymouth kwenda Calstock katika msimu, kwa kufuata maji, na hupita chini ya madaraja yote mawili. Kwa dakika chache unakuwa mbele ya daraja, upande wa kusini, bila mshazari, jambo ambalo ufuo haukupi. Kaa upande wa mbele, 1/500, na upige kabla hujafika karibu. Droni ni habari nyingine: kituo cha wanamaji cha Devonport kiko kusini kidogo tu na kina anga lenye vizuizi, wenye reli hawaruhusu kuruka juu ya mali yao bila kibali, na kimo cha juu kisheria ni mita 120. Bila kufungua ramani rasmi ya anga siku hiyohiyo, iache kwenye mkoba.

Nyumbani, nyoosha kwanza nguzo za wima, kisha ndipo ukate. Usitumie reli kama mstari wa usawa kwenye picha za mshazari, kwa kuwa reli inayoenda mbali huinama kwa haki yake. Tumia nguzo ya katikati. Kwenye maelezo ya picha andika mwezi, saa na hali ya maji. Usiibandike pembeni ile picha mashuhuri ya Brunel akiwa mbele ya minyororo mikubwa ukidhani ni ya hapa. Ilipigwa na Robert Howlett mwaka 1857 huko Millwall, na minyororo ile ni ya meli ya Great Eastern.

Kuhusu kumfuta jirani kwa programu: inawezekana kwenye anga, juu ya mabomba. Ndani ya macho mawili haiwezekani bila uongo. Nyaya za Tamar Bridge zinapita nyuma ya mamia ya vipande vya chuma, na programu inapojaza pengo hubuni nguzo za wima ambazo hazipo, au huunganisha mnyororo na bomba mahali ambapo Brunel hakuviunganisha. Anayelijua daraja ataona mara moja. Ikiwa barabara imekaa vibaya kwenye picha zote ulizopiga ufuoni, zilizo bora ni zile za mm 135.